Hela za maigizo Mwanza: ipi ya Mwaloni, ipi ya Capri Point, ipi ya kwenye feri

Skripti inasema: "Anafungua begi. Begi limejaa pesa." Mwandishi kamaliza kazi yake, sasa ya kwako, mtu wa vifaa, ndiyo inaanza. Begi linafunguliwa wapi? Kama ni sebuleni Capri Point na milango imefungwa, una njia nne au tano za kulijaza. Kama ni soko la Mwaloni Kirumba alfajiri, katikati ya wachukuzi na magunia ya dagaa, njia zinabaki mbili. Kama ni juu ya feri ya Kamanga, upepo ndio utakaokuamulia.

Wengi hupanga hela za filamu nzima kwa mkupuo. Wanachapisha rundo moja na kuzunguka nalo lokesheni zote. Kwangu huo ni mpango mbovu, na ubaya wake hauishii kwenye picha. Swali ninaloanza nalo kila mahali ni hili: noti moja ikidondoka hapa tusiione, nani ataumia? Jibu likiwa "hakuna", una uhuru mkubwa. Likiwa "mama anayeuza dagaa kwa mafungu", uhuru umekwisha. Mambo ya lenzi, upepo na bajeti yanafuata baada ya hapo.

Kiasi kwanza, aina baadaye

Noti yetu kubwa ni ya elfu kumi, msimbazi. Bunda la benki lina noti mia, kwa hiyo ni milioni moja. Milioni kumi ni mabunda kumi, yanaenea kwenye mkoba wa mama na nafasi inabaki. Milioni mia ni noti elfu kumi, na kwa kuwa noti ina uzito wa karibu gramu moja, hapo una kilo kumi hivi. Milioni mia tano ni sawa na mfuko wa saruji. Bilioni, ambayo waandishi wetu wanaipenda kupita kiasi, ni kilo mia: yule kijana anayetoka mbio na brifkesi ya bilioni mkononi alipaswa kupewa toroli.

Hii ndiyo sababu hadithi nyingi hukimbilia dola. Dola milioni moja kwa noti za mia ni noti elfu kumi, kila moja gramu moja, na kilo kumi mtu anaweza kukimbia nazo.

Kwa hiyo kaa na mwandishi kabla hujakaa na mchapaji. Kuishusha skripti kutoka milioni 80 hadi milioni nane kunaokoa fedha kuliko ujanja wowote wa printa, na mara nyingi milioni nane ndiyo inayoaminika zaidi. Siku hizi malipo makubwa yanapita benki au kwenye simu. Anayebeba taslimu nyingi ana sababu yake: anakwepa kitu, anamwogopa mtu, au anakwenda kununua mahali ambako mtandao unasumbua. Sababu hiyo iwemo kwenye hadithi, la sivyo watazamaji watabaki wanajiuliza kwa nini hakutuma kwa wakala.

Unachagua kati ya nini na nini

Ninaposema bunda la kufunika nina maana ya lile lenye noti halisi juu na chini, katikati karatasi tupu. Noti ya kubuni ni ile uliyoichora mwenyewe: benki isiyokuwepo, nchi isiyokuwepo, au maandishi makubwa kwamba ni ya maigizo.

| Aina | Lenzi ikisogea karibu | Katikati ya watu | Upepo na maji | Inakula nini |
|---|---|---|---|---|
| Noti halisi | Hakuna inayoishinda | Sawa, zikiwa chache | Maji inavumilia. Ikipeperuka imekwenda | Ulinzi |
| Bunda la kufunika | Nzuri, mradi lisifunguliwe | Chaguo langu la kwanza | Nzuri likifungwa vizuri | Muda wa kukata |
| Noti ya kubuni | Mbaya | Salama | Wino hutoka ikiloa | Mchoraji na uchapaji |
| Noti zilizoondolewa kwenye mzunguko | Nzuri, kwa hadithi za zamani tu | Kwa tahadhari | Kama halisi | Kuzitafuta |
| Dola za maigizo | Wastani | Usithubutu | Huruka ovyo | Maelezo kwa polisi |

Kuna moja nimeiacha nje ya jedwali makusudi: nakala ya noti yetu, pande zote mbili, ukubwa uleule, iliyotoka kwenye printa ya stesheneri ya jirani. Hiyo usiite hela ya maigizo. Ni noti bandia, na Kanuni ya Adhabu haikuulizi kama kamera ilikuwa inawaka.

Mitandaoni utakuta watu wanataja masharti ya Marekani: kwa sheria yao ya mwaka 1992, picha ya dola ichapwe upande mmoja, iwe chini ya asilimia 75 ya urefu na upana wa noti halisi au izidi asilimia 150, na vilivyotumika kuitengenezea viharibiwe baadaye. Benki Kuu ya Ulaya nayo ina vipimo vyake kwa yuro. Yote ni kweli, na hayakusaidii chochote mbele ya askari wa Kirumba. Hapa mwenye haki ya kutoa noti ni Benki Kuu ya Tanzania peke yake, kwa sheria yake ya mwaka 2006, na ukitaka kitu kinachofanana na noti zao, omba ruhusa kwa maandishi. Wana tawi hapa hapa Mwanza. Usipokuwa na barua hiyo, kaa mbali na tembo, kaa mbali na sura ya Mwalimu, chora cha kwako.

Hata huko kwenye masharti mambo yalishaharibika. Filamu moja ya Hollywood ililipua hela za maigizo Las Vegas, watu wakaziokota na kwenda kuzitumia madukani, na shehena yote ikachukuliwa na Secret Service, idara ya Marekani inayofuatilia noti bandia. Hiyo ni Las Vegas, mji wenye keshia na mashine ya kukagua noti kila kona. Sasa fikiria mwalo wenye karabai.

Mwaloni Kirumba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila anayepiga picha Mwanza anaitaka Mwaloni, na ndipo hela za maigizo zinapoumbua watu.

Mwaloni ni soko la jumla. Dagaa wa visiwani wanashushwa hapo, na wanunuzi wanafika hadi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi. Mikono ni mingi, kila mmoja ana haraka, na hela halisi zinapita kati ya mikono hiyo muda wote mnaopiga picha. Noti yako moja ya kuchapisha ikichanganyika humo, huipati tena. Itakwenda kumlalia mtu usiku, akiwa anahesabu mauzo kwa mwanga wa simu.

Basi noti ya kuchapisha inayofanana na ya kweli imeondoka mezani. Ya kubuni ni salama, lakini Mwaloni utataka kusogea karibu, maana uzuri wa pale uko kwenye mikono. Angalia wanavyoshika hela. Mikanda ya karatasi ya benki huioni, labda kwa mtu aliyetoka benki dakika hiyo. Noti tisa zinalazwa pamoja, ya kumi inakunjwa kuzizunguka katikati, hiyo laki. Laki kumi zinapangwa na kupigwa rababendi. Anayehesabu analowesha dole gumba, anakunja rundo juu ya kidole cha shahada na kuzivuta moja moja bila kuangalia chini, huku anabishana na mchukuzi. Noti zenyewe ni laini kama kitambaa, zimelowa na kukauka mara nyingi, na nyingine zina magamba yaliyogandia.

Mzee mmoja wa pale tuliyempelekea mabunda ayaone kabla ya kuanza alitupa somo la bure.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hizi ni hela za kweli?"

"Za juu za kweli, mzee. Za ndani karatasi."

Akachukua bunda, akalikunja karibu na sikio, akaliachia. "Zimenyooka mno. Hela ya hapa hainyooki."

Tulichofanya baada ya hapo ni kuzikunja zote, na kuzibana mikononi mpaka zikalegea. Picha ilibadilika kabisa.

Sasa hesabu. Tuseme mnunuzi wa mabondo anamlipa mvuvi milioni nane. (Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, ni biashara nzuri ya kuandikia filamu: mfuko mdogo, thamani kubwa, na mnunuzi wa mwisho yuko Uchina.) Milioni nane ni mabunda manane. Saba yanabaki yamefungwa, kila moja linahitaji noti mbili za kweli, jumla 14. Moja linahesabiwa mbele ya kamera: weka 20 juu, moja chini, jumla 21. Umetumia noti 35, yaani shilingi 350,000, badala ya milioni nane. Zilizobaki ni vipande 765 vya karatasi. Noti ya elfu kumi ina takriban milimita 140 kwa 68, kwa hiyo A4 moja inakupa vipande sita. Karatasi 128 zinatosha, na rimu moja itakuvusha filamu nzima. Usikate kwa mkasi. Peleka kwenye stesheneri yenye mashine ya kukatia, kwa sababu kinachoonekana kwenye bunda ni ukingo, na ukingo uliopinda unaonekana kutoka mbali.

Weupe wa karatasi nao unasaliti. Pitisha chai ya rangi kwenye kingo kwa sponji, acha ikauke, kisha paka vumbi kidogo. Karatasi ya kawaida ni nyepesi kidogo kuliko noti, lakini kwenye mabunda manane hakuna atakayejua. Kwenye begi la milioni mia mwigizaji ataanza kulirusha kama mto, hapo weka kitu kizito chini.

Kuhusu saa: jua la Mwanza huchomoza kabla kidogo ya saa moja asubuhi, na saa hizo ziwa huwa limetulia. Upepo wa kutoka ziwani huanza kujengeka jua likipanda, na mchana unafagia kila kisichofungwa. Tatizo ni kwamba asubuhi hiyo tulivu ndiyo saa ambayo soko limefurika. Huwezi kupata vyote viwili. Mimi huchagua asubuhi, kwa sababu watu unaweza kuzungumza nao na upepo huwezi.

Au mwalo mdogo?

Igombe na Kayenze, upande wa Ilemela, zinakupa maji yaleyale na mitumbwi ileile bila msongamano wa Kirumba. Unaonana na viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, na wa serikali ya mtaa, unapewa kipande cha ufukwe, unakizungusha kamba. Hapo noti ya kubuni inaanza kupata nafasi kwa picha za mbali: mtu anapokea burungutu, anatia mfukoni, anaondoka. Ukiwa mita kumi na tano, rangi nyekundu na ukubwa vinatosha.

Lakini swali letu la nani ataumia lina makali zaidi huku. Kirumba kuna wafanyabiashara wanaoshika mamilioni. Huku elfu kumi ni siku nzima ya mtu. Faida yake ni kwamba kijiji kinajua habari zote kabla ya adhuhuri. Ukiwaonyesha watu noti yenu ya kubuni mapema, mbele ya mwenyekiti, hata mtoto atakuambia "hii ya sinema". Kirumba huwezi kuwatangazia watu wanaobadilika kila nusu saa.

Ukitaka tukio la usiku lenye taa za wavuvi wa dagaa ziwani nyuma, panga siku za giza, kwa kuwa ndizo wanazotoka. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi iko nchi kavu na wenyewe wana nafasi ya kukukodishia. Kwa hela, usiku unasamehe mengi: bunda la kufunika lenye noti moja tu ya kweli juu linapita. Tatizo la usiku ni kuokota kilichodondoka, kwa hiyo noti zisizofungwa zisiwepo kabisa.

Kati ya hizo mbili, nikiwa na tukio la kuhesabu hela kwa karibu naenda Kirumba na bunda la kufunika. Nikiwa na tukio la kunyang'anyana, kukimbizana au begi kupasuka, naenda mwalo mdogo na noti za kubuni. Begi kupasuka Kirumba, hata bajeti ikiruhusu, mimi simo.

Kwenye feri na kwenye boti

Feri ya Kamanga inakatisha ghuba kuelekea upande wa Sengerema, na juu yake upepo hauna pa kujificha. Hela ya kushika mkononi iwe halisi na iwe chache, noti tatu au nne, au bunda ambalo karatasi zake zote zimegundishwa pembeni kama daftari. Abiria wapo, na wana haki ya kusafiri bila kugombania karatasi zenu.

Begi kuanguka majini ni tukio ambalo madairekta hulitaka na watu wa vifaa hulichukia. Noti halisi imetengenezwa kwa pamba, ikilowa inakauka na maisha yanaendelea. Karatasi ya A4 inakuwa uji. Iliyochapwa kwa printa ya wino wa maji inatoa rangi mara moja. Iliyochapwa kwa leza inashika zaidi. Kama skripti inataka noti zielee, fanya kwenye maji ya kina kifupi, ndani ya wavu, upepo ukielekea nchi kavu, na mtu wa kukusanya akiwa ameshavaa jaketi la kuokolea kabla hamjaanza. Ziwa si dampo, na mabaki yakifika kwa wavuvi utapoteza ruhusa ya siku inayofuata.

Halafu jambo dogo: mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Mhusika wa leo asishuke kwenye boti na hela kwenye rambo. Mpe kiroba, begi la mgongoni, au ndoo yenye mfuniko, ambayo wavuvi huitumia kweli na haiingizi maji.

Busisi nitaipita haraka. Daraja la JPM lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo hadithi ya leo haina tena foleni ya feri ya Busisi ya kuhesabia hela. Ukipiga ndani ya gari likivuka, vioo juu, tumia aina yoyote uitakayo.

Capri Point, na habari ya dola

Nyumba ya kukodi, geti, mlinzi, ziwa dirishani. Hapa hakuna mpita njia wa kuumia, na ndiyo lokesheni ya bei nafuu kuliko zote kwa upande wa hela, hata kama kodi yake ni ya juu. Jaza meza mabunda ya kufunika, na nyuma yake, ambako lenzi haiangalii vizuri, rundika ya kubuni. Unadhibiti taa, kwa hiyo unaweza kuweka kivuli mahali penye uongo.

Wakubwa wa kwenye sinema huwa wanahesabu dola kwenye nyumba hizi. Kama mhusika wako ni mfanya magendo ya dhahabu, sawa, Mwanza na Geita zinaibeba hadithi hiyo bila kulazimisha. Ila kama ni baba mwenye nyumba anayepokea kodi kwa dola mchana kweupe, kumbuka kanuni zilizoanza Machi 2025 zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mhusika huyo sasa anavunja sheria, na skripti ijue hivyo.

Dola za maigizo zinazoagizwa mtandaoni zinaandikwa kwa Kiingereza kwamba ni za sinema, maandishi madogo ambayo kwa mita mbili hayasomeki. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Zisitoke nje ya geti. Hata kwenye buti la gari, zifungwe pamoja na barua ya utayarishaji, kwa sababu askari wa kizuizini anayefungua buti na kukuta dola laki mbili hatasubiri maelezo ya tamthilia. Kama kuna chaguo, chora noti ya nchi ya kubuni ya kijani na ubaki mbali na lenzi. Watu huona kijani wakasema dola.

Nyumba za milimani: tumia za kweli

Igogo, Mabatini, zile nyumba zilizobebwa na mawe. Chumba kimoja, dirisha moja, na watoto saba kwenye hilo dirisha. Tukio la kawaida hapa ni kikoba: akina mama, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, daftari, hela mezani. Hela za kikoba ni mchanganyiko: elfu mbili za simba, elfu tano za kifaru, buku buku, na sarafu za mia tano na mia mbili. Kutengeneza mchanganyiko huo ni kazi ya wiki. Kuutoa kwa wakala na kuomba chenji ni kazi ya asubuhi moja, na shilingi 200,000 zinajaza meza vizuri. Sarafu huwezi kuzibuni kwa gharama ya maana hata ukitaka.

Hivyohivyo kwa daladala, mama lishe na bodaboda. Kiasi kidogo kinachoshikwa kwa karibu kiwe halisi, bila mjadala.

Ngoma nazo. Ukipiga Kisesa au Bujora na hadithi ina mtu anayetuza wachezaji, utashawishika kuchapisha karatasi za kurusha. Watoto wataziokota, na kesho yake zitakuwa dukani. Noti hamsini za elfu moja ni shilingi elfu hamsini tu, pungufu ya ujira wa mchoraji. Mwambie mtuzaji azibandike kwenye paji la uso la mchezaji au azitie mkononi, asizimwage zikakanyagwa. Mtu wa vifaa asimame pembeni na bakuli kuzipokea, na mkishakubaliana na wachezaji, mwachieni ngoma sehemu yake. Bulabo ya Juni, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, ni hadithi nyingine: pale watu wanatuza kweli, hela zako usizichanganye kabisa.

Hadithi za zamani

Hapa Benki Kuu ilitufanyia hisani bila kukusudia. Kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 iliwapa watu muda wa kubadilisha noti za zamani, zile za tangu 1985 hadi 2003 pamoja na ya mia tano ya mwaka 2010. Zilizobaki nje si fedha halali tena. Kwa mtu wa vifaa ni hazina: karatasi ileile, rangi ileile, na duka la leo halizipokei.

Ila chagua kwa miaka. Mwanza ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, viwanda vya sangara vikianza kushika kasi, ni noti zenye sura ya Mzee Mwinyi, na hakuna elfu kumi: ilikuja 1995. Tembo alifika kwenye elfu kumi na toleo la 2003; kabla yake kulikuwa na twiga. Konda wa daladala wa mwaka 2012 anashika mia tano za kijani zenye sura ya Karume. Wa leo anashika sarafu, ambayo ilianza 2014. Mtazamaji wa miaka hamsini atakusamehe gari lisilo la wakati wake, noti hatakusamehe, kwa sababu aliwahi kuitafuta kwa jasho.

Zikiwa chache, usizimalize kwenye mabunda. Nne au tano za mkononi zinatosha, mengine ni karatasi iliyopakwa chai. Na mahali penye wazee wenye macho mazito bado zihesabiwe kama hatari: si kila mtu alisikia lile tangazo.

Makaratasi na mkoba

Kibali cha Bodi ya Filamu, barua ya serikali ya mtaa, na taarifa kituo cha polisi cha eneo. Kisiwa cha Saanane ongeza TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, maana ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na funga mabegi vizuri, tumbili wa pale hawajali kama hela ni ya kweli. Kwenye barua ya polisi usiandike "vifaa". Andika: mabunda mangapi, noti halisi ngapi, karatasi ngapi, na bandika picha.

Mkoba mmoja, mtu mmoja, na asiwe mwigizaji. Namba za noti halisi ziandikwe kwenye daftari kabla ya kutoka. 35 ni kazi ya dakika kumi. Dairekta akisema tunarudia, mkoba unahesabiwa kabla ya kurudia, si baada. Hili ndilo linalogombanisha watu kwenye seti, kwa sababu mwanga unakimbia na kila mtu ana njaa, lakini ukiliruka mara moja hutajua pengo lilianzia wapi.

Jioni, noti za kubuni zilizochanika na za ziada zichomwe siku hiyohiyo, mbele ya mjumbe kama mko mtaani. Vipande vyeupe vilivyopakwa chai vitunzwe. Vinatumika filamu inayofuata, na kila vikichakaa ndivyo vinavyozidi kufanana na hela ya Mwaloni.